Uso wa Bi Harusi

Jumapili ile Wino hakurudi kula. Mama yake alimfunikia sahani, akaiweka juu ya kabati, akarudi kwenye cherehani yake. Jioni akampigia simu. Haikupatikana. Akajiambia kazi imemlaza kiwandani na ameishiwa chaji, maana Wino alikuwa mtu wa kukumbuka kila kitu duniani isipokuwa chaja.

Jumatatu asubuhi fundi mkuu wa kiwanda cha kuchapa mabango alifungua ukumbi wa mitambo, akawasha taa, akamkuta.

Alikuwa amelala kifudifudi chini ya roshani ya ndani, ile wanakohifadhi mabunda ya karatasi. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa kuelekea mlangoni. Nyuma ya mwili kulikuwa na mburuzo wa damu, kama hatua mbili za mtu mzima.

Inspekta wa polisi alipofika, alianza na mburuzo ule.

"Alitambaa," alisema konstebo wake, mwanamke mwembamba asiyependa kuzunguka maneno.

"Alitambaa," Inspekta aliitikia. "Funga eneo. Piga picha kabla mtu hajakanyaga."

Akapanda ngazi za chuma. Roshani ilikuwa na urefu wa mita nne hivi kutoka sakafuni. Ukingo wake ulikuwa mzima, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa na kijilango cha kupitishia mizigo. Kijilango kilikuwa wazi.

"Hiki hufungwa?" aliuliza kutoka juu.

"Komeo lake bovu tangu mwaka juzi," fundi mkuu alijibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeandika barua tatu. Tatu, afande. Mimi na komeo hili tumeshakuwa ndugu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Marehemu anaitwa nani?"

"Jina lake liko ofisini. Sisi tunamwita Wino. Hata kule mtandaoni ni Wino."

Inspekta alishika ukingo wa chuma.

Alimjua Wino. Nchi nzima ilikuwa imemjua wiki ile. Ni yeye aliyelichukua bango la filamu mpya ya Bi Harusi, mwigizaji wa miaka sitini na moja, akaondoa uso wa kibibi na kupachika uso wake wa usichanani. Bango likarushwa mtandaoni Jumanne. Jumatano watu walicheka. Alhamisi Bi Harusi akajibu: "Nimeitengeneza sura hii kwa miaka sitini. Mtu mmoja ameiondoa kwa mchana mmoja. Najisikia nimefutwa nikiwa hai."

Baada ya hapo matusi yalimwagika kwenye ukurasa wa Wino kama maji ya bomba lililopasuka. Na Alhamisi hiyohiyo, saa ya chakula cha mchana, mtu anayejiita Shabiki wa Kale aliandika: "Aliyefanya hivi akatwe vidole."

Shabiki wa Kale alikuwa Inspekta.

Alikuwa ameandika huku akitafuna, mkono mmoja ukiwa na kijiko. Akiwa na miaka kumi na tano alilibandika bango la filamu ya kwanza ya Bi Harusi juu ya kitanda chake. Alijiona anatetea kitu. Kisha akafuta midomo na kurudi kazini.

Sasa akashuka, akatazama vidole vya binti yule. Kumi vyote. Vilikuwa na madoa ya bluu kwenye kucha.

*

"Jana nani aliingia humu?" alimuuliza mlinzi wa geti.

"Wino mwenyewe, saa nane mchana. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, lakini ana ruhusa. Akaniambia, 'Kaka, usilale, leo nina mgeni.' Nikamwambia mimi silali, nafumba macho kupumzisha kope."

"Mgeni akaja?"

"Hakuna mtu aliyekuja, afande."

"Ulipumzisha kope kwa muda gani?"

Mlinzi alitazama viatu vyake. "Sikulala, afande. Kweli tupu."

"Hukushangaa hakutoka?"

"Nilikabidhi zamu saa kumi na mbili. Nilijua yuko kwenye kompyuta. Huyo akikaa kwenye picha zake anasahau hata kula."

Fundi mkuu naye hakuwa na adui wa kumtaja. Alisema Wino alichezea mabango kwa mapenzi tu, baada ya kazi. Na waigizaji wengi walimpenda. Kuna mchekeshaji aliyewekewa kichwa cha jogoo, akalichapisha bango hilo na kulibandika mlangoni kwake.

"Na la Bi Harusi?"

"Hilo sikulielewa, afande. Wino hakuwa akimdhalilisha mtu. Nilimwuliza, 'Binti yangu, umefanya nini hiki?' Akasema, 'Mzee, subiri. Utaelewa.' Kisha ndiyo hivi. Sijaelewa."

"Simu yake iko wapi?"

Walitafuta chini ya mitambo, ndani ya mapipa, katika mkoba wake. Hawakuiona.

"Anayejirusha hafichi simu kwanza," konstebo alisema.

*

Lakini nje habari ilikuwa imeshapata hukumu yake. Kufikia mchana kila mtu alijua: msichana wa bango amejiua kwa aibu.

Saa tisa mwanamke aliyejifunga mtandio mweusi aliingia kituoni, na polisi wote pale kaunta wakasimama bila kuamriwa. Alikuwa Bi Harusi. Alikuwa amepakwa poda vizuri, nyusi zimechorwa, na machozi yameacha njia mbili mashavuni.

"Nimekuja kujisalimisha," alisema. "Nimemuua mimi. Kwa maneno yangu."

Inspekta alimpa kiti. Sauti ile aliifahamu tangu utotoni, na alijikuta ameketi wima kama mwanafunzi.

"Mama, hakuna sheria inayokushika kwa kuandika umeumia."

"Basi sheria ni kipofu, mwanangu. Mimi niliwaonyesha njia, wao wakaenda kumrukia. Kila aliyemtukana alimtukana kwa ajili yangu."

Alimpa kalamu aandike maelezo, akamsindikiza hadi kwenye gari. Aliporudi konstebo alikuwa ameegemea mlango.

"Mkuu, umelainika kama mkate kwenye chai."

"Mwanamke ana uchungu."

"Uchungu anao. Sijasema hana."

Ndipo mama yake Wino alipofika, akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Hakulia. Aliuliza swali moja, akilitamka polepole kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani.

"Baba, naomba uniambie. Mwanangu alijitupa au alitupwa?"

"Bado tunachunguza, mama."

"Watu wamekuja kunipa pole huku wameniinamia sikioni. 'Alikuwa na mawazo?' 'Hukuona dalili?' Nalala naye chumba kimoja, baba. Kama alijitupa, basi mimi mama yake sikuona kitu. Nitaishi vipi na hilo? Niambie tu. Lolote lile, niambie."

"Nitakuambia. Siku hizi za karibuni alisema nini?"

"Aliniambia amefanya kazi ya mtu mkubwa, ameapa asiseme. Jumamosi akalia. Akasema, 'Mama, Jumatatu naongea. Nimechoka kubeba.' Halafu akala, akalala vizuri. Mtu anayetaka kufa hulala vizuri hivyo?"

Inspekta aliandika yote. Alitaka kumwambia kuhusu Shabiki wa Kale. Maneno yalifika kwenye meno, yakarudi. Akajipigia hesabu mwenyewe: kesi kwanza.

*

Jumanne daktari alikabidhi ripoti ya uchunguzi wa maiti. Fuvu lilikuwa limepasuka upande wa kushoto, damu ikavia ndani. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa na michubuko minne ya vidole na mmoja wa kidole gumba.

"Alishikwa," daktari alisema. "Alishikwa kwa nguvu kabla ya kuanguka."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Nusu saa. Huenda zaidi. Angepata msaada mapema, siwezi kuapa angepona, lakini alikuwa na nafasi."

Inspekta alishuka ngazi za hospitali akiwa amebeba habari mbili kwa ajili ya mama mmoja. Moja ilikuwa dawa. Nyingine hakujua hata aishike vipi.

Alikwenda moja kwa moja kiwandani. Konstebo alikuwa ameketi na fundi mkuu mbele ya kompyuta ya Wino.

"Mkuu, njoo uone. Mzee, mweleze kama ulivyonieleza."

"Sisi hatufuti, afande," fundi mkuu alisema. "Ukitengeneza bango, kila kitu kina tabaka lake. Jina, mandhari, uso. Usichokitaka unakifunika tu, hukiondoi, kwa sababu kesho mteja atakuambia 'kirudishe'. Watu wa nje wanaona bango limekamilika. Ndani, vyote vilivyofunikwa bado vipo."

Akabofya. Bango likavuliwa nguo moja baada ya nyingine, hadi likabaki tabaka la uso. Akakiondoa kifuniko.

Picha nzima ikatokea. Bi Harusi akiwa msichana, mbele ya kioo, amevaa gauni lenye pini, anacheka na mtu asiyeonekana. Pembe nne za picha zilikuwa zimechomekwa kwenye vishikizo vya karatasi, vya albamu ya zamani. Chini kabisa, kikiukandamiza ukurasa usijikunje, palikuwa na kidole gumba cha mtu mzima. Kucha yake ilikuwa na ufa katikati, kutoka juu hadi kwenye nyama.

"Picha hii iliwahi kuchapishwa?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua jibu. Kama ingechapishwa, angekuwa nayo.

"Nimetafuta asubuhi nzima," konstebo alisema. "Haipo popote. Mtu alifungua albamu yake nyumbani, akaipiga kwa simu, akamtumia Wino. Wiki mbili kabla ya bango kutoka."

Inspekta alikaa kwenye bunda la karatasi.

"Kwa hiyo aliombwa."

"Aliombwa. Kisha akasutwa na aliyemwomba, mbele ya umma."

Walirudi getini. Mlinzi aliwaona wanakuja, akavaa kofia.

"Hebu turudi Jumapili," Inspekta alisema. "Sikuulizi nani alikuja kwa Wino. Nakuuliza, geti hili lilifunguliwa mara ngapi?"

"Mara moja kwa Wino. Na kwa yule bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi tu, afande. Kizee fulani, kimejifunga mtandio, kina miwani. Nilimwonea huruma, jua lilikuwa kali, nikamwambia pita bibi, ukapumzike kivulini. Nikajua amekuja kuomba msaada."

"Mbona jana ulisema hakuna mtu?"

"Nilidhani unauliza mtu, afande. Mtu wa maana. Yule alikuwa mzee tu."

Konstebo alifumba macho kidogo. "Alitoka saa ngapi?"

"Hakukaa. Robo saa hivi. Alipita mbio mbio, nikamwambia taratibu bibi, utaanguka."

*

Bi Harusi aliwapokea sebuleni kwake. Hakuwa na poda. Ukutani kulikuwa na mabango ya filamu zake, kutoka la kwanza hadi la mwisho, na mtu akitembea kando ya ukuta ule aliweza kuhesabu umri wake kwa hatua.

"Mama, naomba kuona albamu," Inspekta alisema.

"Albamu gani?"

"Yenye picha ya kwenye kioo. Gauni lina pini."

Bi Harusi akainuka, akaileta, akaiweka mezani. Alipoifungua, kidole gumba chenyewe kiliukandamiza ukurasa, kwa mazoea, ili usijikunje. Kucha ilikuwa na ufa katikati.

Konstebo alikitazama. Inspekta alikitazama. Bi Harusi naye akakitazama, kana kwamba ni kidole cha mtu mwingine.

"Nilikibana na mlango wa jukwaa," alisema. "Mwaka huohuo wa picha hii."

"Nakuonya kwamba hulazimiki kusema lolote," Inspekta alisema. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Una haki ya kumwita wakili."

"Nilishakuja kwako kukiri. Hukunitaka."

"Ulikiri kitu kingine."

"Nilidhani nikikiri dogo, kubwa litanyamaza." Akafunga albamu. "Halikunyamaza."

"Ulimwomba Wino akutengenezee bango."

"Nilimwandikia mwenyewe. Nilikuwa nimeliona bango halisi, nikashindwa kulala. Mdomo ule, shingo ile. Nikasema, acha mshabiki alirushe, kama mchezo. Watu wakilipenda, nitawaambia wenye filamu wabadilishe. Mtoto alifurahi! Akaniambia, 'Bibi, mimi nalipenda la kwanza, lakini kwa ajili yako nitafanya.'"

"Watu hawakulipenda."

"Walicheka. Mmoja akaandika, 'Ajuza amemtuma nani?' Ningekubali kuitwa chochote, lakini si mwanamke anayeogopa uso wake. Kwa hiyo nikaandika yale. Yakapendwa. Sijawahi kupendwa hivyo tangu nilipokuwa na miaka ishirini."

"Na yeye?"

"Alivumilia. Siku tatu, alivumilia kwa ajili yangu. Jumamosi akaniandikia, 'Bibi, kuna mtu amemwandikia mama yangu. Jumatatu nitasema ukweli. Nimekupenda lakini siwezi tena.' Jumapili nikaenda kumwomba wiki moja tu, filamu itoke kwanza."

"Uliingia vipi?"

"Nilivaa sura yangu. Nikaenda hivi ulivyonikuta. Mlinzi akanifungulia, hata hakunitazama mara mbili. Nilipita mbele yake, mimi, mwanamke ambaye watu walipanga foleni kumwona, nikasikia, 'Pita bibi.'" Alicheka, cheko fupi lililokatika. "Nikapanda juu alikokuwa, nikiwa nimeshaanza kulia kwa hilo."

"Nini kilitokea juu?"

"Akasema, 'Sema wewe mwenyewe, bibi. Watacheka siku mbili, wataacha.' Akanionyesha simu, mazungumzo yetu yote. Nikaikamata. Hakuachia. Nikamshika mkono, nikavuta, nikasukuma, sijui kipi kilianza. Kijilango kikafunguka nyuma yake."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Simu ikabaki kwangu."

"Ulishuka?"

"Ilibidi nishuke. Njia ni ileile."

"Alikuwa hai?"

Bi Harusi alifunika mdomo kwa mkono. Konstebo aliacha kuandika.

"Mama, alikuwa hai?"

"Aliniita bibi," alisema. "Alisema, 'Bibi, niite mtu.' Nikampita. Nilijua nikimwita mlinzi, ataniuliza jina langu."

Simu alikuwa ameiponda kwa jiwe na kuitupa mtaroni. Waliikuta siku iliyofuata, haina cha kusoma. Lakini alama za vidole kwenye ukingo wa roshani zilikuwa zake, zote kumi.

*

Inspekta alikwenda kwa mama yake Wino kabla ya habari kutangazwa. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na cherehani katikati. Kitanda kimoja kilikuwa kimetandikwa vizuri mno.

"Hakujitupa," alisema akiwa bado mlangoni.

Mama akakaa chini, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Inspekta akamweleza. Kazi ya siri, kiapo, simu, kijilango. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Alikufa mara moja?"

Angeweza kusema ndiyo. Ripoti ilikuwa ndani ya jalada, na mama yule hakuwa mtu wa kusoma ripoti za madaktari.

"Hapana. Nusu saa. Alitambaa kuelekea mlangoni."

Mama aliitikia kwa kichwa. Aliitikia mara nyingi, bila kukoma.

"Alitaka kurudi," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama. Alitaka kurudi." Inspekta akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Kuna lingine. Miongoni mwa waliomtukana, mmoja aliandika akatwe vidole. Ni mimi."

Cherehani ilikuwa na kitambaa cha sare ya shule, nusu kimeshonwa. Mama alikitazama kitambaa.

"Wewe."

"Mimi. Kabla sijamjua."

"Hilo alilisoma. Alinionyesha. Aliweka mikono yake hapa mezani akaniuliza, 'Mama, nianze na kipi?' Tukacheka. Alikuwa akinichekesha ili nisilie." Akamgeukia Inspekta. "Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu uliniambia nikuambie lolote lile."

"Umewaambia wakubwa zako?"

"Naenda sasa. Wakili wa utetezi akilijua kwanza, atasema nilikuwa na upande. Huenda kesi ikayumba kwa ajili yangu."

"Nenda basi," mama alisema. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumfukuza. Alisogeza kiti, akaweka mguu kwenye kanyagio, na alipofika mlangoni Inspekta alisikia cherehani ikianza.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yake mara mbili, akashusha pumzi, akayagonga muhuri na kuyaweka ndani ya jalada pamoja na mengine. Jalada liko kwa mpelelezi mwingine. Kesi inatajwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.